Mpunga Tuliouita Mkaidi

2 Machi, Jumapili

Nimekula kwa kaka leo, na kama kawaida nimehojiwa. Kaka yangu huuliza swali lile lile kila Jumapili, akitumaini kwamba safari hii jibu litakuwa fupi: mpunga wako utaota lini kwenye shamba la baba? Nikamwambia kesho namwaga mbegu kitaluni. Hakuridhika. Akataka aelezwe upya kwa nini mpunga huo hauogopi chumvi, nami nikaweka kijiko chini nikaeleza, maana mtu akishauliza mambo ya kazi yangu huwa sina breki.

Ndani ya kila mmea kuna maagizo, nikamwambia, na maagizo hayo ndiyo tunayoyaita jeni. Katikati yake kuna vipande visivyotulia. Vinajichomoa hapa vinajipachika pale, na mara nyingi vikitua vinaharibu. Lakini siku moja moja kipande kimoja kinatua mlangoni mwa jeni iliyolala na kuiamsha. Ndivyo ilivyotokea kwa mpunga huu tuliouita Mkaidi. Kipande kilitua mbele ya jeni ya kukabili chumvi, na sasa chumvi ikigusa mizizi tu, jeni ile inafanya kazi maradufu kuliko kwenye mpunga wowote tulionao kwenye kituo chetu cha utafiti.

Kaka akauliza, na kikiamua kuhama tena? Nikasema hapo jeni italala kama zamani na mmea utakufa kwa chumvi, na ndiyo maana tunapima mmea mmoja mmoja. Bado kuna kipande kingine ndani ya Mkaidi, tunachokiita mbebaji, ambacho ndicho kinachokihamisha hiki cha kwetu. Mbebaji akiwepo, hatuna uhakika. Ikionekana msimu huu kwamba kipande kimetulia kwenye mimea yote, kamati ya mbegu itaidhinisha na bonde zima litapata mbegu. Kaka ndiye mkulima wa kwanza wa majaribio, kwenye shamba la baba, lile ambalo chumvi imelipanda mpaka juu likawa jeupe kama limepakwa chokaa. Hajavuna cha maana pale tangu baba afariki.

Wifi alikuwa anacheka tu. Yeye ni fundi wa maabara yetu na hotuba hii ameisikia hadi imemchosha. Nilimtafutia kazi mimi, kaka akaja siku moja kunichukua kazini, na tangu siku hiyo akawa anakuja kunichukua hata siku ambazo nina baiskeli. Kwa hiyo katika ndoa yao nina mkono wangu.

3 Machi

Mbegu zimemwagwa. Mvua imetunyeshea mimi na nyapara wa shamba mpaka tumelowa chapachapa.

11 Machi

Mvua. Miche imechomoza. Mkuu wa kituo amepita kuuliza kama inaweza kukua haraka zaidi. Huyu tunamwita Bwana Dharura, kwa sababu hajawahi kutuma ujumbe usio wa dharura, hata ule wa kututakia sikukuu njema.

25 Machi

Tumepandikiza. Mche mmoja kwa kila shimo, kila mche na kigingi chake chenye namba. Wakulima hupenda kuweka miche miwili mitatu pamoja, kuzibiana pengo, lakini kwetu hilo ni mwiko: ukiweka miwili hutajua upi uliishi na upi ulikufa. Mgongo umekuwa kama si wangu.

28 Machi

Konokono wamekula miche minne ya mstari wa saba. Nimewatukana. Vigingi nimeviacha pale pale nikiwa na nia ya kujazia kesho.

30 Machi, Jumapili

Homa. Sikujazia kitu. Wifi amekuja na supu, akanifunika blanketi kama mtoto, akaniambia nisijisumbue, kuchuma majani ya vipimo atafanya yeye na kuyapitisha kwenye mashine atafanya yeye. Nikalia kidogo. Homa inanifanya mtu laini.

4 Aprili

Imetulia! Wifi ameniletea picha ya majibu hadi mezani. Kila mmea una mstari wake wa mwanga: mstari ukikaa juu, kipande kipo, ukishuka chini, kimehama. Yote imekaa juu, safu baada ya safu, imenyooka utadhani imepigwa rula. Tulikumbatiana pale kati ya meza na friji. Nilimwambia hakuna mtu ninayemwamini kama yeye, na nilikuwa simaanishi utani. Bwana Dharura aliwaandikia wakubwa wake kabla chai yake haijapoa.

Nimepima mbegu za kaka, za kutosha mche mmoja kwa shimo kwenye jaruba lake lote, na wifi amempelekea jioni.

7 Aprili

Kaka amemwaga mbegu zake kitaluni. Amenipigia kuniambia jambo hilo hilo kwa namna tatu tofauti.

10 Aprili

Chupa ya mbegu za akiba imepungua hadi nusu. Nyapara anasema panya. Panya anayefungua mfuniko wa chupa na kuurudishia vizuri, ningemwajiri. Labda nilikosea nilipokuwa napima. Homa ile.

15 Aprili

Tumeingiza maji ya chumvi kwenye majaruba ya kituo. Sasa tuone ukaidi wake.

22 Aprili

Ncha za majani zimekuwa za njano. Ni kawaida.

27 Aprili, Jumapili

Si kawaida. Mimea inakufa, tena haifi upande mmoja kama ambavyo ingekufa maji yangekuwa mabaya. Unakuta mmoja mzima, wa pili mzima, wa tatu umekauka kama karatasi. Ningetakiwa niwe kwa kaka leo, anapandikiza, lakini nimeshindwa kuondoka hapa.

Nilimpigia wifi. Akasema huenda nyapara alichanganya mbegu ngeni wakati wa kumwaga. Ikaniingia akilini. Nikamwendea nyapara, mtu mzima mwenye wajukuu, nikamfokea mbele ya vibarua. Alisema mifuko niliifunga mimi na kuifungua mimi. Nikamwambia asinijibu.

5 Mei

Nimejifungia maabara peke yangu na majani ya aina mbili, ya waliokufa na ya wazima. Kwanza nimepima jeni ya chumvi inafanya kazi kiasi gani. Kwa wazima inafanya kazi kwa nguvu zote. Kwa wanaokufa imelala fofofo, hata chumvi haijaishtua.

Basi kipande hakipo pale mlangoni. Ama ni mbegu ngeni kweli, ambayo haijawahi kuwa nacho, ama ni Mkaidi mwenyewe na kipande kimehama. Hilo linaweza kujulikana, kwa sababu kipande kikiondoka hakiondoki kwa usafi. Huacha herufi chache za ziada pale kilipokuwa, kama tundu la msumari linalobaki ukutani ukitoa picha. Nimeagiza zisomwe.

8 Mei

Tundu la msumari lipo. Mmea mfu wa kwanza, wa pili, wa tatu, wote. Ni watoto wa Mkaidi. Hakuna mbegu ngeni. Nimemwomba radhi nyapara. Amesema hayana neno, ila hakuniangalia.

Kinachonisumbua ni picha ya wifi. Ilionyesha vipande vyote vipo. Nimejaribu kumtetea. Labda vilihama baadaye, mmea ukiwa umeshakua? Lakini vikihama baadaye hufa chipukizi moja, mengine yanabaki. Hawa wamekufa machipukizi yote kwa pamoja. Walizaliwa bila kipande. Labda alikosea namba? Labda mashine? Nimempa visingizio vingi kuliko ambavyo mshtakiwa yeyote angejitafutia.

9 Mei

Asubuhi nilitoa picha nikaibandika dirishani penye mwanga. Nikahesabu safu moja moja nikilinganisha na vigingi. Nilipofika mstari wa saba nilirudia mara mbili, kisha nikakaa kitini.

Vile vigingi vinne ambavyo konokono walikula miche yake, ambavyo sikujazia, vina majibu. Mistari minne mizuri, juu kabisa. Pengo tupu lenye matope limetoa jibu kwamba kipande kimetulia.

Wifi aliingia akivua viatu vya mvua, akanisalimia, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikamwuliza jani la kigingi cha kwanza mstari wa saba alilichuma wapi. Akasema pale pale kwenye mche.

"Pale hapana mche, wifi. Konokono walikula kabla hujaingia shambani."

Aliendelea kukunja koti lake la maabara mpaka likawa dogo kabisa. Halafu akakaa upande wa pili wa meza na kuniambia yote, bila kulia, jambo ambalo lilinitia hasira zaidi. Jaribio la kwanza alilifanya kwa haki. Katika kila mimea mitatu, mmoja ulikuwa hauna kipande. Alishtuka, akarudia, ikawa vile vile. Kesho yake akachukua maji yaliyokamuliwa kwenye majani ya mmea mmoja mzuri, akayatia kwenye vishimo vyote vya mashine, na kwa haraka akasahau kuacha wazi vishimo vya miche iliyoliwa. Nikamwuliza kwa nini.

"Ulikuwa mgonjwa. Na kaka yako alikuwa ameshalima lile shamba."

"Ungenambia mimi."

"Ungesimamisha kila kitu."

"Ningesimamisha, ndiyo. Ndiyo kazi yangu."

Akasema ndiyo maana. Kisha akaniomba kitu kimoja tu, nisimwambie kaka. Nimkasirikie yeye, nimfukuze kazi, lakini kaka nisimguse kwa hili, roho yake iko kwenye shamba lile. Nikamwambia atoke. Alipofika mlangoni aliniita wifi, nikamwambia asiniite hivyo humu ndani.

Supu ile. Blanketi lile. Alininyanyua kichwa ninywe, na siku chache baadaye akatengeneza picha ile.

10 Mei

Sikula.

13 Mei

Nimemweleza Bwana Dharura. Alifunga mlango, jambo la kwanza nililowahi kumwona akilifanya taratibu. Hakuuliza ni nani wala ilikuwaje. Aliuliza kamati inajua? Akapendekeza tuandike kwamba "mimea mingi" imeonyesha utulivu. Mingi si uongo, alisema. Kamati inakuja mwezi ujao kuona shamba la kaka, na kwa mpunga kuona ni kuamini. Nikasema sitaandika mingi. Akasema nilale kwanza nilitafakari. Mimi silali siku hizi.

18 Mei, Jumapili

Sikwenda kwa kaka. Amepiga simu kunitania kwamba nimepata mchumba. Sauti yake ilikuwa na furaha ya mtu mwenye mpunga shambani. Nikakata nikisingizia mtandao. Wifi amehamia chumba cha kusafisha vyombo, tunapishana kama watu wa ofisi mbili tofauti.

24 Mei

Nimeamua kumwambia. Ahadi sikumpa mkewe. Katika kila miche yake mitatu mmoja utakuwa umekufa, naye atakuwa ameshaona mapengo na kujilaumu kwamba amekosea maji. Siwezi kumwacha hivyo.

25 Mei, Jumapili

Naandika polepole ili nisikosee.

Nilifika bondeni mchana, nikapitia juu ya tuta badala ya kupita nyumbani. Nilikuwa nimejiandaa kuona mapengo. Hapakuwa na mapengo. Shamba la baba lilikuwa kijani kutoka tuta hadi tuta, na pande zote majirani wamebaki na weupe ule wa chumvi na mtama wao wa kuokoteza. Moyo ulinipasuka kwa furaha, kweli, kwa dakika moja nikafikiri nimekosea mimi na vipimo vyangu vyote.

Nikavua viatu nikaingia. Nikainama nikapanua shina la kwanza kwa vidole. Katikati ya majani mabichi kulikuwa na kijiti kimoja kikavu. Shina la pili, kijiti kikavu kimoja. La tatu, viwili. Kila shimo lilikuwa na miche mitatu. Mtu ambaye dada yake amempimia mbegu za mche mmoja kwa shimo alikuwa amepandikiza mitatu, shamba zima, ili yule atakayekufa afie katikati ya wenzake asionekane. Nikaikumbuka chupa ya akiba iliyopungua nusu.

Kaka alikuja akiwa na jembe begani, anatabasamu, na tabasamu likamwishia njiani alipoona nilichoshika. Nikamwuliza kwa nini mitatu. Akasema wakulima ndivyo tunavyofanya. Nikasema kaka, niangalie. Hakuniangalia mara moja.

"Mke wangu aliniambia siku ile ile alipopata majibu," alisema. "Alitaka kuja kwako jioni ile ile. Mimi ndiye niliyemzuia."

"Na ile picha?"

"Nilimwambia atafute namna."

Nilimwuliza kama anajua ni nini alichofanya. Akanijibu kwa upole, na upole ule sitausahau. Alisema mimi ni mtu wa kusubiri. Nilisema subiri baba akiwa hai, nikasema subiri baba akiwa mgonjwa, na siku tunamzika nilisema mwakani. Miche miwili kati ya mitatu kwake ni neema, kwa nini aikose kwa sababu mimi nataka mitatu? Nikamwambia mwaka huu anakufa mmoja, lakini mbebaji bado yumo ndani, na katika mbegu atakazovuna hakuna ajuaye watakufa wangapi. Akasema mwaka huu atavuna.

Laiti angeniuliza. Ningempa mwenyewe hizo mbegu, kwa shamba lake peke yake, macho yakiwa wazi, na ningemwambia weka hata mitano kwa shimo. Hakuniuliza. Walikaa mezani Jumapili zile wote wawili, wakanipakulia, wakanitania, wakijua. Nimesalitiwa na mtu niliyemfanyia kazi yote hii. Naliandika neno lenyewe kwa sababu nikiliandika jingine nitakuwa naandika kama Bwana Dharura.

26 Mei

Leo nimemwelewa wifi. Aliponiomba nisimwambie kaka, hakuwa anamkinga na habari. Alikuwa anamkinga na mimi. Alibeba lawama yote peke yake bila kumtaja mumewe hata kwa bahati mbaya. Nina hasira naye bado, lakini imeshuka daraja. Mahali pa juu pamechukuliwa.

2 Juni

Wifi ameandika barua ya kuacha kazi. Ameniachia funguo za friji zikiwa zimepangwa vizuri.

10 Juni

Kamati imekuja. Watu saba wenye viatu visivyofaa wamesimama juu ya tuta la baba wakipiga picha. Bwana Dharura alikuwa anang'aa. Majirani wa bonde walijipanga nyuma, kwa mbali kidogo, wakawa hawasikii vizuri ila wanaona. Mwenyekiti aliniuliza kama nina la kuongeza. Kaka alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu, kofia mkononi. Alinitazama kama anavyonitazama tangu utotoni nikitaka kumsemea kwa baba.

Niliingia jarubani, nikang'oa shina moja zima, nikalitenganisha mche mmoja mmoja mbele yao, wazima wawili na mfu mmoja. Nikaeleza kipande, mbebaji, na picha ya uongo. Nikasema picha imetoka kwenye maabara yangu, na kwamba Mkaidi asiidhinishwe. Jina la kaka sikulitaja. Mwenyekiti alishukuru. Mkaidi amezuiliwa hadi mbebaji aondolewe, kazi ya misimu mitatu au minne ya kuzalisha upya.

Wakati wanaondoka kaka alisema, "Haya, umeshinda." Nikamwambia avune, ale, auze kama chakula, lakini asimpe mtu mbegu. Akaitikia kwa kichwa. Bwana Dharura hajanitumia ujumbe wa dharura tangu hapo, na nimegundua nimeukumbuka.

8 Julai

Tumevuna majaruba ya kituo. Nimefunga mbegu za kila mmea mzima mfuko wake peke yake. Nyapara alinishikia mizani. Amenitania kidogo kuhusu konokono, nikacheka kuliko utani wenyewe ulivyostahili.

21 Julai

Nimepata mimea michache ambayo mbebaji hayumo kabisa. Kipande chetu kipo, na hakina wa kukihamisha. Nilikaa na majibu mkononi nikatafuta mtu wa kumwambia.

9 Agosti

Nimesikia kaka amevuna. Hakunialika.

19 Agosti

Mlinzi ameniita getini, kuna mgeni. Nilimkuta mama mmoja wa bondeni, shamba lake ni la tatu kutoka kwa baba. Amekuja kwa miguu kunishukuru. Nikauliza kwa lipi. Akasema kwa mbegu.

Kaka amewagawia majirani. Alipita mwenyewe nyumba kwa nyumba akiwa na vifuko. Mama huyu ameshang'oa mtama wake wote uliokuwa karibu kuiva, ameshapitisha jembe, anasubiri maji tu, na amekuja kuniuliza kama ni lazima kuweka mche mmoja kwa shimo kama alivyosikia watu wa kituo tunavyofanya. Nikamwuliza kaka alimwambia nini juu ya mbegu hizo. Akashangaa swali.

"Alisema ni zawadi yako. Alisema yale ya kamati umeshayarekebisha, umepima tena wewe mwenyewe, hazina shida. Bila jina lako nisingeng'oa mtama wangu."

Nilimketisha kwenye benchi la mlinzi. Nikamweleza pale pale, kwa maneno machache kadiri nilivyoweza, kwamba sikupima, sikutuma, na kwamba mbegu zile zinaweza kumwacha na shamba tupu. Alinisikiliza akiwa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili. Hakukasirika kama nilivyoogopa. Aliuliza jambo moja.

"Kwa hiyo ndugu yako ametudanganya?"

Kaka aliyenibeba mgongoni kuvuka maji ya mvua kwenda shule. Nikasema ndiyo, ametudanganya.

Nikamwuliza wengine waliopewa ni akina nani. Akanitajia nyumba sita. Nikarudi ndani kufunga maabara na kuvaa viatu vya matope, kisha tukaondoka pamoja kwenda kuwaonya, tukaanza na nyumba ile inayopakana na ya kaka.